Umeshuka na Breki Gani?

Pale Mombo, barabara inayoteremka kutoka Lushoto inapoigusa barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, kuna fundi baiskeli ambaye hamuulizi mteja kaharibikiwa na nini. Kwanza anatazama baiskeli imetokea upande gani. Iliyotoka tambarare, kwa akina Korogwe huko, anaibonyeza tairi na kuivuta cheni. Iliyotoka juu milimani anaichuchumalia kwa mbele, anapitisha kidole gumba kwenye rimu, kisha anainua uso na kuuliza: "Umeshuka na breki gani?"

Jumamosi niliyokaa kwenye benchi lake chini ya mwarobaini, kijana aliyenitangulia hakujibu kwa mdomo. Alikuwa na Phoenix nyeusi, keria imeongezwa kwa mbao mbili, na magunia ya kabichi yamefungwa kwa mipira ya tyubu hadi yanamzidi kimo akiwa amekaa kwenye siti. Alinyanyua mguu wa kulia, akamwonyesha fundi soli ya katambuga yake. Katikati palikuwa na mfereji, umechongeka sawasawa kama kwa tupa.

"Na hii," akasema.

Fundi alicheka, nami nikacheka, mwenyewe akacheka kutushinda. Halafu fundi akanyamaza na kuanza kufungua nati.

Asiyewahi kuiona breki ya mguu aelewe kwamba si mzaha. Madigadi ya mbele inang'olewa makusudi, na mshukaji anakandamiza soli juu ya tairi linalozunguka. Katambuga nayo imekatwa kwenye tairi la gari, kwa hiyo ni tairi linalolizuia tairi, na barabara ikiwa kavu na mwendo ukiwa mdogo, linazuia kweli. Shida inaanza mguu unapoteleza na kuingia kati ya foku na spoku. Hapo baiskeli inasimama papo hapo, ila aliyekuwa juu yake haendi kusimama mahali pamoja nayo.

Barabara hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 33. Lushoto iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, Mombo iko mita 400 na kitu. Ukitoka juu unashuka karibu mita 1,000, kona kwa kona, huku Soni ikiwa katikati ya safari na bonde likiwa upande mmoja karibu njia nzima. Sasa piga hesabu. Mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20, kabichi za kilo 65: jumla kilo 150. Kuushusha mzigo huo mita 1,000 kunazalisha joto la kuchemsha lita nne na zaidi za maji. Sehemu ya joto hilo inachukuliwa na upepo, nyingine na tairi. Linalobaki linapita kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kidole gumba cha mwanamume. Ndiyo maana mpira wa breki ya aliyeshuka kutoka juu unatoka unang'aa kama kokwa ya embe iliyonyonywa. Umeiva. Ukiugusa kwa ukucha hauachi alama, na mpira usioachia ukucha hauing'ang'anii rimu.

Mipira ya kijana yule ndivyo ilivyokuwa, miwili ya nyuma. Ya mbele haikuwepo kabisa.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hii ya mbele ni ugonjwa wa nchi nzima. Pita kijiwe chochote cha baiskeli, Shinyanga, Tabora, Ifakara, Pemba, utazikuta baiskeli ambazo breki ya mbele imefunguliwa au imeachwa ining'inie. Ukiuliza utaambiwa breki ya mbele inapindua watu. Inapindua, ndiyo, ukiifinya kwa pupa huku mikono imelegea. Lakini unapofunga breki, uzito wako wote unakimbilia mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini, la nyuma linabaki jepesi, na jepesi halina cha kufanya zaidi ya kuburura. Katika barabara kavu, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, anayetumia zote mbili vizuri anaweza kusimama ndani ya mita tatu hivi. Mwenye ya nyuma peke yake anahitaji zaidi ya sita. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali huo unazidi mara nne, na hapo sijahesabu ile nukta ya kushtuka kabla vidole havijafinya, ambayo kwa kilomita 20 kwa saa inakula zaidi ya mita tano peke yake. Mita tatu za tofauti ni urefu wa mbuzi wawili waliokatiza barabara wakifuatana na mtoto anayewafukuza.

Kwa aliyebeba gunia kwenye keria hesabu inabadilika kiasi, maana mzigo unalikalia gurudumu la nyuma na breki ya nyuma inapata nguvu zaidi. Na kwenye changarawe, au ukiwa katikati ya kona, ya mbele inatumiwa kwa adabu: gurudumu la mbele likiteleza hakuna wa kulirudisha. Hizo zote ni sababu za kujifunza kuitumia. Kuing'oa ni jambo jingine.

Najua ninachokisema kwa mfupa wangu wa mtulinga. Nikiwa kidato cha pili nilipewa na mjomba baiskeli ya breki za waya, niipeleke Mombo. Asubuhi ile, nikiwa bado juu, niliona nyuzi mbili za waya wa breki ya mbele zimechomoza pale kwenye mkono wa breki. Moja ilinichoma kidole. Nilinyonya damu, nikapanda. Chini ya Soni, kwenye kona ambayo hadi leo nikiwa ndani ya basi nafumba macho, nilifinya nikasikia "tap," mkono wa breki ukaja wote kiganjani, mlegevu kama jino la mtoto. Ya nyuma niliikuta imekwisha mipira, jambo ambalo pia nilikuwa nalijua. Nilikuwa na chaguo mbili, bonde au mtaro wa upande wa mlima. Nilichagua mtaro. Mjomba hakunigombeza. Alikata kile kipande cha waya, akakitundika kwenye msumari juu ya mlango wa chumba changu, kikakaa pale hadi nilipomaliza shule.

Waya wa namna hiyo, nyuzi za chuma zilizosokotwa zikipita ndani ya kava, uliandikishwa haki yake Uingereza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Bowden, na tangu hapo haujabadilika sana. Mahali unapokatikia nako hakujabadilika. Ni mwishoni, kile kichwa cha risasi kinapokaa ndani ya mkono wa breki, maana hapo ndipo unapokunjwa kila unapofinya. Hauanzi kukatika siku unayoanguka. Unaanza miezi kabla, uzi mmoja mmoja, tena unachomoza nje uuone. Fundi wa Mombo ana kanuni moja tu juu ya hilo: uzi mmoja ukikatika, waya mzima unatoka. Hasuki, hafungi fundo, hauchomelei. Na mpya akiutia anaudondoshea matone mawili ya oili kabla ya kuupitisha kwenye kava, kisha anakata ncha na kuivisha kikofia kidogo ili isifumuke.

Wapenzi wa baiskeli nyeusi watasema ndiyo maana wao wanazitaka Phoenix, Hero na Raleigh za zamani, na Swala zetu wenyewe zilizotengenezwa nchini: breki zake ni fimbo za chuma, hazina waya wa kukatika. Ni kweli na wana haki. Fimbo inavuta juu, mipira inaibana rimu kutokea ndani, upande wa spoku. Chuma kile kinaweza kumzika mwenye baiskeli kikabaki kizima. Lakini kina viungo, na kila kiungo kinalegea. Ukifinya mkono wa breki, nusu ya nguvu inaishia kwenye kulegea kwa viungo kabla mpira haujagusa chochote. Kijana wa kabichi alikuwa amevifunga viungo viwili kwa ukanda wa tyubu. Fundi alivifungua, akatia nati mpya na washa, akakaza, akavuta mara moja. Sauti ilikuwa tofauti. Kabla ilikuwa "kachakacha." Sasa ilikuwa "tok."

Kisha akalizungusha gurudumu hewani, akaweka ukucha karibu na rimu. Lilikuwa linacheza kushoto na kulia kama mlevi anayerudi nyumbani. "Breki ya fimbo haitaki rimu ya mnazi," akasema, akimaanisha iliyopinda. Akatumia dakika 20 nzima kukaza na kulegeza spoku, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na kijana akaanza kulalamika kwamba alikuja kuwekewa mipira tu, soko litamfungia. Hakujibiwa.

Mipira nayo ina hadithi yake. Jozi ya dukani bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai, lakini bado wengi wanapendelea ya kuchonga kutoka tairi kuukuu la gari. Sina ugomvi na kuchonga. Nimeshuka nayo nikafika. Ila tairi nyingi za siku hizi zina nyuzi za chuma ndani. Kipande kikikatwa karibu na nyuzi hizo, mpira wa juu ukilika tu, chuma kinatokeza na kuanza kuitafuna rimu. Utaisikia ikikwaruza. Wengi wanadhani ni mchanga. Wakati mwingine ni mchanga kweli, na huo unatolewa kwa sindano ya mkono, chembe kwa chembe, kisha uso wa mpira unasuguliwa kwa msasa mpaka ule ung'avu utoke na weusi wake urudi. Fundi alinionyesha mpira mmoja wa zamani: mifereji yake imefutika, upande mmoja umelika kuliko mwingine. Huo ulifungwa upogo. Mpira unatakiwa uiguse rimu tu. Ukipanda juu unakula tairi mpaka tyubu ichungulie, ukishuka chini unachomokea ndani ya spoku.

Kelele ni jambo la pili ambalo watu wanalitibu kwa sumu. Jirani yangu mmoja alichoshwa na breki zake kulia kila anapoingia uani, mtoto anaamka. Akazipaka mafuta ya cherehani. Kelele ziliisha siku hiyohiyo, na breki pia. Alisimamishwa na ukuta wa choo. Mafuta yakishaingia kwenye mpira hayatoki kwa kufuta na kitambaa. Rimu inaoshwa kwa maji na sabuni au kufutwa kwa spiriti, na mpira uliokunywa mafuta unatupwa. Kelele yenyewe, kama rimu ni safi, dawa yake ni kipande cha boksi la kiberiti. Fundi anakikunja, anakichomeka kati ya rimu na ncha ya nyuma ya mpira, anafinya breki, anakaza nati, anakichomoa. Ncha ya mbele sasa inatangulia kugusa kwa upana wa unyuzi. Breki inanyamaza.

Usambara kuna mvua, na kuna ukungu ambao ni mvua isiyojitangaza. Hapa baiskeli nyeusi zina aibu yake kubwa. Rimu zake ni za chuma kilichopakwa kromu, na kromu iliyolowa haikamatiki. Vipimo vilivyofanywa katika chuo cha MIT huko Marekani miaka ya 1970 vilionyesha kwamba mshiko wa mpira wa kawaida juu ya rimu ya namna hiyo ikilowa unashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya mshiko wake ikiwa kavu. Gurudumu linaweza kuzunguka mara nyingi, breki ikiwa imefinywa hadi mwisho, kabla maji hayajafutika na mpira haujaanza kushika. Rimu za alumini zina nafuu kubwa. Wenye za chuma wanaojua kazi wanafanya hivi: kabla ya mteremko, na mara kwa mara wakiwa ndani yake, wanagusa breki kidogo kuifuta rimu, ili wakiihitaji iwe tayari. Wasiojua wanangoja kona.

Wazee wa njia hii wana jambo jingine ambalo nililichukulia kama ushirikina mpaka nilipoelezwa. Hawaburuzi breki toka juu hadi chini. Wanaifinya kwa nguvu kabla ya kona, wanaachia kwenye mnyoofu, wanafinya tena. Na wakifika Soni wanapumzika, wanakunywa uji au kununua matunda damu, baiskeli imelazwa. Rimu inapoa. Rimu ikichemka sana gundi ya viraka ndani ya tyubu inalainika, na kiraka kinabanduka ukiwa ndani ya mteremko. Mwenye tyubu yenye viraka vinane ana sababu nane za kula matunda damu.

Si Usambara peke yake. Burundi, vijana wa ndizi wanateremka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, mkungu juu ya mkungu, wakiyapita magari. Kurudi juu wanashikilia lori kwa nyuma. Nimeona picha zao, na kitu cha kwanza nilichotafuta kwenye picha zile kilikuwa viatu.

Mjini mambo ni mengine. Dar es Salaam na Zanzibar baiskeli nyingi sasa ni za mtumba, na mtumba unakuja na tabia za kwao. Ya Japani au Uingereza kwa kawaida ina breki ya mbele mkono wa kulia. Ya Ujerumani au Uholanzi inayo mkono wa kushoto. Mtu aliyezoea moja akipanda nyingine atafinya ya mbele akidhani ya nyuma, tena siku ya dharura, ambapo mkono haungoji kufikiri. Kabla hujalipa, simama kando ya baiskeli, isukume, finya mmoja mmoja, uone gurudumu gani linakamata. Zile za Uholanzi zisizo na mkono wa breki kabisa zinasimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Ni breki nzuri, haijui mvua, lakini inategemea cheni. Cheni ikichomoka, umebaki na kengele. Na za Kijapani za kikapu, zile ambazo breki yake ya nyuma imo ndani ya kopo kwenye habu, zinapiga kelele kama bata hata zikiwa nzima. Usidanganywe na mtu wa kutaka kutia oili mle ndani.

Vijana wa breki za diski nawapa aya moja. Diski ikitoka kazini ina moto wa kuunguza ngozi, na ikipoa bado usiishike kwa vidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuiharibia mshiko. Za mafuta zina mafuta ya namna mbili, na ya huyu hayaendi kwa yule: Shimano wanatumia mafuta ya madini, SRAM kwa breki zao nyingi wanatumia DOT, kama ya gari. Ukichanganya, mipira ya ndani inavimba. Na ukitoa gurudumu usifinye breki kwa mchezo, utafunga mdomo ambao hautafunguka kirahisi.

Kipimo cha nyumbani ni kimoja, na mtoto wa darasa la tatu anakiweza. Finya breki hadi mwisho. Kati ya mkono wa breki na usukani vipite vidole viwili. Visipopita, waya umelegea au mpira umekwisha. Kisha, umefinya hivyohivyo, isukume baiskeli mbele: ukifinya ya mbele, gurudumu la nyuma linyanyuke, ukifinya ya nyuma, liburuzike. Nusu dakika. Muda huo tunautumia kila asubuhi kubonyeza tairi, kwa sababu tairi likiisha upepo hatuendi. Breki ikiisha tunaenda, tena kwa kasi zaidi, na nadhani ndiyo maana hatuigombanii.

Fundi alimaliza saa nane. Mipira minne, miwili ya mbele ikiwa kwenye vyuma alivyovitoa kwenye Raleigh moja iliyokufa nyuma ya banda. Kijana akashika usukani, fundi akamshika mkono. "Ngoja, mwanangu." Akapanda yeye, na kabichi zake zote, mzee wa miaka sitini na ushei, akatoka hadi kwenye kilima kidogo kando ya barabara, akageuza. Akaja akiteremka, makalio ameyasogeza nyuma ya siti, akafinya zote mbili mbele yetu. Magunia yaliinama mbele yakarudi. Akashuka, akaipapasa rimu kwa kidole gumba, akanusa kidole.

"Elfu sita," akasema. "Na hiyo katambuga niachie."

Kijana alidhani anatania. Fundi alikuwa ameshanyoosha mkono.